Miayo ya Bi Pimbi

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na jiwe.
Juu ya jiwe?
Bi Pimbi, anaota jua.
Na nyuma ya jiwe?
Bwana Chui, hatosheki.

Basi Bi Pimbi alikuwa ameota jua mpaka mwili ukalegea, mara akasikia nyasi: chakacha, chakacha. Hakuwahi hata kugeuka. Nyaku! Chui amemdaka ngozi ya mgongo, huyo, anampeleka mtini kwake. Nyata, nyata, nyata. Asubuhi hiyo alikwisha kula digidigi mzima na kanga wawili. Huyu alikuwa wa kuweka akiba.

Bi Pimbi akawaza: mdomo huu ukifunguka, nimepona. Usipofunguka, wanangu wamebaki yatima.

“Shikamoo, Bwana Chui,” akasema, maana ni nani huacha kuitikia shikamoo?

“Mhm,” Chui akaitikia puani. Nyata, nyata, nyata.

“Kumbe hukufundwa kwenu.”

“Mhm.” Nyata, nyata, nyata.

“Nasikia Simba anakuita paka wa jikoni.”

Meno yakabana zaidi. “Mhm.”

Mti ukaanza kuonekana. Bi Pimbi akaacha matusi. Akakumbuka maradhi ambayo wanawe humwambukiza kila jioni: hayana homa, hayana upele, hayaui, wala hayana dawa. Huruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule kwa kuonwa, hata kwa kusikiwa tu.

Akaachama polepole. “Aaahuuu.”

Nyata, nyata.

“Aaaaahuuuuu.”

Nyata... nyata. Macho ya Chui yakalengwa na machozi.

“Aaaaaaahuuuuuuu, jamani.”

Chui akabana taya, akabana pua, akabana hata mkia. Wapi. Taya zikaachana zenyewe: “Aaaaaaaahuuuuuuuuu.”

Pu! Bi Pimbi chini. Mbio mpaka kwenye ufa wa mwamba, akajipenyeza ndani. Miayo ikishaanza haikatiki katikati. Chui alipoimaliza, mdomo ulikuwa mtupu.

“Bi Pimbi,” akaita kwa unyonge pale ufani, “umeniroga?”

“Sikukuroga, baba. Nimekuambukiza.”

“Na dawa yake nini?”

“Aaahuuu,” akajibu Bi Pimbi.

Chui akaenda zake, kaachama tena.

Funzo lake, watoto: kupiga miayo mbele ya mkubwa wako ni utovu wa adabu, na hakujawahi kumfaa mtu. Bi Pimbi mwenyewe huwakanya wanawe hivyo kila jioni.

Ngano imekomea hapa. Aliyeachama na afunge.