Ukili wa Bi Mwanatumu

Nisikilizeni, wanangu, Mola awajaalie subira ya kusikia. Katika mji wa kale alikuwako Bi Mwanatumu, aliyesuka ukili wa miyaa, shibiri moja kila siku, tangu ujana wake: mwekundu siku ya furaha, mweupe siku ya utulivu, mweusi siku ya msiba. Majirani walipomhimiza aushone uwe mkeka, alijibu, "Umri wangu haujatimia."

Siku moja likamjia zimwi lenye njaa.

"Bibi, chakula changu ni siku za watu. Fumua ile shibiri nyeusi ya siku uliyomzika bintiyo, nikupunguzie uchungu."

"Siku hiyo ndiyo niliyomshika mwanangu mara ya mwisho. Siitoi."

"Basi nitaula ukili wote!"

Likameza mwekundu, likacheka. Likameza mweupe, likasinzia. Likameza mweusi, likaanguka kifudifudi, likalia kwa kwikwi, likautapika wote.

"Mama, msiba huu unauchukuaje?"

Bi Mwanatumu akauosha ukili wake, akaketi kusuka.

"Kidogo kidogo, baba. Wewe umeumeza kwa mkupuo mmoja."

Ngano yangu naikunja hapa.