Nguo za Kindi za Kukimbilia na Kushindia

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nguo au pakawa kisa?

Pakawa kisa cha nguo!

Kizima au kimefumuka?

Kimefumuka!

Basi sogeeni nikishone. Mwenye usingizi aufunge kwenye pindo la shuka, tutaufungua baadaye.

Alikuwako Kindi, mdogo wa umbo, mkubwa wa mkia. Aliishi kando ya kidimbwi cha Bwana Kiboko, na siku hizo wanyama wote walikuwa wamepandwa na wazimu wa mazoezi. Kukipambazuka tu, tipu-tipu-tipu, wanakizunguka kidimbwi. Tabu ilikuwa mavazi. Walikimbia na majani kiunoni, wakarudi nyumbani kubadili, ndipo waende sokoni. Jirani yake Kanga, ndege asiyejua kuupumzisha mdomo, alilalamika kila siku: "Shoga, nikitoka mbioni hivi nilivyo, siwezi hata kupita kumpa mtu pole ya msiba."

Kindi akafikiri. Akafikiri tena.

"Nitashona vazi moja," akasema. "Asubuhi la kukimbilia, mchana la kushindia."

Kusema rahisi! Kushona alikuwa hajui.

Akashona suruali ya kwanza, akasahau tundu la mkia. Mkia wote ukajikunja ndani kama furushi la dobi. Akakimbia kidogo, puu! kifudifudi. Akafumua. Akashona ya pili, tundu la mkia lipo, akachuchumaa kuijaribu, chwaa! ikapasuka nyuma, na nani alikuwa akipita? Kanga. Basi mji mzima ukajua rangi ya chupi ya Kindi.

Akafumua, akaenda kwa Bibi Buibui. Kioja cha mji ule ni kwamba Kanga na Buibui wote wawili walikuwa na majina ya nguo, na mmoja tu ndiye aliyejua kushika uzi.

"Mwanangu," akasema Bibi Buibui, akiigeuza ile suruali huku na huku, "umeshona kama mtu anayefunga gunia. Mwili unataka kuinama, uzi wako unakataa. Uzi nao ufundishwe kuinama."

Akatoa uzi wake, akauvuta: nyuuu! Akauachia: pwii! Ukarudi ulivyokuwa.

Kindi akakaa kwa Bibi Buibui mpaka mvua zikaja, zikaondoka. Akashona, akafumua. Akashona, akafumua. Akajifunza kumpima mtu akiwa amekaa, kisha amechuchumaa, kwa sababu nguo nyingi humpenda aliyesimama tu. Akajifunza kuuficha mshono usimkwaruze mkimbiaji kwapani. Siku ya siku akavaa, akachuchumaa, nyuuu! Akasimama, pwii! Akapanda mti, akashuka, wala uzi haukulia.

"Sasa jina," akasema Bibi Buibui. "Nguo bila chapa ni kitambaa tu."

"Itaitwa Shinda."

"Kumshinda nani?"

"Kushinda mbio, Bibi, na kushinda umekaa. Yote mawili."

Bibi Buibui akacheka mpaka miguu yote minane ikalegea.

Na kuitangaza je? Kindi hakupiga ngoma, wala hakutuma mpiga mbiu. Alimvalisha Kanga suti moja ya madoadoa, ikamkaa kama ngozi yake, kisha akamnong'oneza: "Shoga, hii siri. Usimwambie mtu."

Weee! Jua halijafika utosini, mpaka konokono alikuwa amesikia. Foleni ikaanzia mlangoni kwa Kindi, ikakizunguka kidimbwi.

Tindi! Tindi! Tindi! Huyo, Bwana Kiboko. Kila kilichopendeza pale alisema ni chake: nyasi zake, kivuli chake, hata upepo alijaribu.

"We Kindi! Nani hushinda kila kitu hapa?"

"Wewe, Bwana."

"Basi neno shinda ni la nani?"

Hakungoja jibu.

"Ni langu! Na chapa ni yangu. Kuanzia leo utashona wewe, nisifiwe mimi."

Kindi akaona mishono yote ile, mafumuo yote yale, yanaingia katika mdomo mmoja mpana. Akasema kwa sauti laini:

"Bwana, watu watasema umeninyang'anya. Bora tushindane. Atakayeshinda uwanjani kesho, chapa ni yake. Mwenzake atamtumikia."

"Kho! Kho! Kho! Ushindane na mimi? Wewe mkia uliopewa macho!"

"Mzee Kobe awe mwamuzi."

Mzee Kobe, aliyekuwa kwenye foleni na asiyependa maneno yapinde, akauliza, "Semeni niwasikie. Nani atachukua chapa?"

"Atakayeshinda uwanjani kesho!" akanguruma Kiboko.

"Hivyo hivyo," akasema Kindi.

"Haya, wote mmesikia. Niacheni nianze safari ya kwenda uwanjani sasa hivi, nisije nikachelewa."

Kiboko hakuondoka. "Na mimi nitavaa Shinda. Nipime!" Akalivuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka.

"Pumua, Bwana, nikupime vizuri."

"Hili ndilo tumbo langu! Pima!"

"Na ukija kupumua?"

"Pima, nimesema!"

Kindi akapima. Alivyoambiwa ndivyo alivyoshona.

Asubuhi Kanga alikuja mbio, manyoya yamemsimama. "Shoga, umerogwa? Yule usimwone mnene ukadhani mzito. Anakimbia yule!"

"Najua," akasema Kindi. "Nishikie mkeka."

Akaenda uwanjani, pale kando ya kidimbwi, na mkeka, karanga na birika la chai. Akatandika, akaketi.

"Mbona umekaa?" Kiboko akauliza kwa sauti ya puani, maana alikuwa amebana pumzi.

"Nashinda, Bwana. Wewe nenda tu."

Tindi-tindi-tindi-tindi! Kiboko akatimka, akazunguka, akafika mwisho peke yake, akanyanyua kichwa: "Nimeshindaaaa!"

Na ile aaaa ikatoka na pumzi yote. Tumbo likarudi kwao. Chwaaaa! Suti ikapasuka kuanzia shingoni mpaka mkiani, maana hata uzi wa Bibi Buibui una mwisho wa kuinama. Uwanja ukaangua kicheko. Kiboko akachuma jani la mbele, akakosa la nyuma, akakimbilia kidimbwini. Chubwi!

Jua likapanda. Kindi amekaa. Jua likashuka. Kindi amekaa. Akala karanga, akashona kofia, akapokea wateja, akasikiliza umbea wa Kanga, ambaye kila akisikia jipya alitoka kwenda kulipeleka, akarudi na jingine.

Magharibi inaingia, Mzee Kobe akafika, vumbi mpaka mgongoni.

"Poleni kwa kunisubiri. Kati ya hawa wawili, nani ameshinda uwanjani?"

"Kindi!" wakaitikia wote. "Ameshinda hapo hapo mkekani tangu asubuhi."

Kichwa kikatokeza majini. "Mzee Kobe! Mimi nilifika wa kwanza!"

"Sikumuuliza aliyefika, mwanangu. Wewe leo umeshinda wapi?"

"Si huku majini! Nitatokaje nami sina nguo?"

"Mwenyewe kasema," akasema Mzee Kobe. "Kiboko ameshinda majini, Kindi ameshinda uwanjani. Chapa ni ya Kindi."

Kiboko akazama mpaka puani. Neno alilosema ni lake lilikuwa na mlango wa uani, naye hakuwahi kupita huko.

Basi tangu siku ile mizigo ya Shinda huvuka kidimbwi mgongoni mwa Bwana Kiboko, Kindi amekaa juu yake, mkia ukipepea. Naye si mchoyo, alimshonea Kiboko suti ya tumbo lake la kweli. Wanasema, nami nasema kwa kuwa wamesema, kuna mjane mmoja wa ng'ambo siku hizi haachi kuulizia mzigo unafika lini. Lakini hayo si ya mbele ya watoto.

Nimefika kwenye pindo, uzi naukata kwa meno yaliyobaki. Kisa kikikukaa, vaa. Kikikubana, mpe jirani.

Na mafunzo yake ni haya, wajukuu zangu: msiwe watu wa kukaa mkekani kutwa, mnatafuna karanga na kusikiliza umbea. Mwenye kukaa hivyo hapati kitu duniani. Muulizeni Kindi, atawaambia, siku akiinuka.