Posa ya Nkwabi

Nkwabi, tajiri wa mashine za kusaga, alikataa kumwoa Nyanzobe aliyeishi naye. Badala yake walitia sahihi mkataba mbele ya balozi wa nyumba kumi: atakayehama kwanza, nyumba amwachie mwenzake. Kisha Nkwabi akaanza kumnunia ili ahame.

Nyanzobe hakuhama. "Mume wangu, wajomba wamesamehe mahari, tena watanipa ng'ombe nije nao. Ila kwetu mwanamume haposi akiwa anaishi na mchumba."

Kusikia ng'ombe, Nkwabi alibeba godoro hadi kwa kaka yake. Ijumaa akarudi kuposa, amevaa koti.

"Kweli umehama?" aliuliza balozi, aliyekuwa ameitwa na Nyanzobe.

"Nimehama, na godoro langu!"

Balozi akaufungua mkataba. Nyanzobe akatabasamu mlangoni.

"Posa nimeikataa. Lakini karibu chai, mgeni wangu."