Biblia ya Bi Namsifu

Sogeeni niwape kisa, ila msisinzie, maana mwisho wake mtaumaliza wenyewe. Huko milimani Upare yuko mjane, Bi Namsifu, mwenye watoto watatu. Mbazi alijaliwa masikio, Niwaeli mgongo, na Eliafie, kitindamimba, alijaliwa ulimi. Mama aliwalea kwa methali moja: mshika mawili, moja humponyoka.

Mwaka mmoja aliugua hata miguu ikagoma. Mchungaji hufika kule kwa nadra, na mama alihofu kwamba Meza ya Bwana ya safari ile ndiyo ingekuwa ya mwisho kwake. "Nipelekeni," alisema. "Sitaki kingine."

Wakatoka, ukungu ukawafunika. Kanisani hugongwa rimu ya gari badala ya kengele, na mwenye mashine ya kusaga naye hugonga rimu kuita wateja. Kwenye njia panda zikalia zote mbili. "Ya kanisa ina ufa," alisema Mbazi, akaifuata. Jirani aliwaita kwenye makande ya moto. Mbazi hakugeuza hata shingo.

Mlima ulipoanza, Niwaeli alimbeba mama kwa kitenge kama mtoto mchanga. Aliteleza, magoti yakachubuka, akaendelea kupanda.

"Pumzika, mwanangu."

"Nikikutua, mama, sitaweza kukuinua tena."

Karibu na kilele rimu ikanyamaza. Bi Namsifu aliona uchungu kuwatesa wanawe bure. "Tumechelewa. Nirudisheni."

Mbazi akasimama. Niwaeli akageuka, naye Mbazi akamfuata. Eliafie akawazibia njia.

"Mama, methali ni yako, na ulisema hutaki kingine. Sasa unashika na huruma yetu. Leo umeshika mangapi?"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Haya, twende."

Walimkuta mchungaji anakunja kitambaa cha mezani. Alikikunjua tena, na mama akashiriki.

Nyumbani akaitoa Biblia yake, amrithishe aliyemfikisha.

"Bila mimi tungeshiriki pumba," alisema Mbazi.

"Bila mimi ungebaki bondeni," alisema Niwaeli.

"Na nyinyi mlishageuka," alisema Eliafie.

Mpaka leo Bi Namsifu hajaamua. Nguvu zimemrudia kidogo, na kila jioni wote watatu huja kumsomea Biblia hiyo, hakuna anayethubutu kukosa. Kwa hiyo hana haraka. Lakini siku itafika, na Biblia haikatwi vipande. Haya, wenzangu, mngekuwa nyinyi, mngempa nani?