Kwa Nini Fati Hukataa Mzigo na Ghala Lina Nafasi

Kaeni. Na wewe uliyenirushia flashi mezani, kaa vilevile. Nimechoka kubishana, basi nitasimulia.

Enzi zile, kabla kompyuta hazijajua kukataa, kila faili lilikuwa mzigo na kila ghala lilikuwa na mlinzi wake. Mlinzi mkongwe alikuwa na kijighala kilichojaa kwenye giga mbili tu. Mwanawe, Fati, yule anayelinda flashi zenu hadi leo, akarithi kazi na kupewa ghala pana ajabu, ila kamba yake ya kupimia mizigo ilikuwa na mafundo thelathini na mawili, kila fundo likipima mara mbili ya lililotangulia. Inafika giga nne, basi, imekwisha. Jirani yake, Entefesi, mlinzi wa diski za kompyuta, alikuwa na kamba ambayo hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake. Lakini alikuwa na maringo: runinga na redio za watu wa kawaida hakusema nazo. Fati alisema na zote, ndiyo maana alipendwa.

Desturi ya walinzi ilikuwa hivi: mzigo hupimwa ukiingia, na siku ya kutoka hutolewa kile tu ambacho kamba ilikishuhudia. Fati hakuwahi kumrudisha mtu mlangoni. Mzigo ukiizidi kamba, alianza tena kwenye fundo la kwanza na kusahau alichokwisha kupima. Yeye aliuona huo ni ukarimu. Mimi nauita uongo wenye tabasamu.

Akaja Mwanakheri. Alibeba video ya harusi yake, giga nne na ushee, na mwishoni kabisa mama yake alikuwa akiimba. Mama huyo alikuwa amekwisha kufariki, na sauti yake haikubaki pengine popote. Ghala la zamani ilimokuwa video hiyo lilikuwa linakoroma, karibu kuanguka. Na baba yake, mgonjwa, alikuwa anangoja mbele ya runinga yake kuukuu amsikie mkewe mara moja tena.

Entefesi akamwambia, "Kwangu mzigo huo utaenea, tena mara elfu. Ila na hiyo runinga ya baba yako hatusalimiani."

"Sasa ukubwa wako unanifaa nini, kaka?"

"Muulize huyo mwenye kamba ya kufungia mbuzi."

Fati akacheka. "Lete, dada. Huoni ghala lilivyo tupu?"

Mzigo ukaingia. Mwanakheri akashukuru, na nyuma yake ghala la zamani likaanguka.

Runinga ilipowashwa, Fati akaitazama kamba yake. Ilikumbuka urefu wa ule ushee tu, na mzigo hutolewa kuanzia mwanzo wake. Akatoa kipande kifupi cha mwanzo: wageni wanaingia, mama anarekebisha mtandio, anageuka. Picha ikazimika.

"Mbona kaondoka?" baba akauliza.

"Ndiyo hiyo tu, baba," Mwanakheri akasema.

"Hapana. Alikuwa anakuja kuimba."

Mwanakheri akarudi kwa Fati. Hakumtukana, na hilo lilimuuma Fati kuliko matusi. "Ungenikataa, kaka," alisema. "Ningeukata vipande viwili, ukavipima vyote. Ungenikataa tu."

Fati akaapa kwamba asichoweza kukirudisha chote hatakipokea. Baadaye ukoo wake ukamzaa Eksifati, mwenye kamba ndefu na asiye na maringo, ila hata leo runinga kuukuu nyingi haziitiki akibisha hodi.

Na tangu siku hiyo, Fati akiletewa mzigo unaozidi giga nne husema palepale mlangoni kwamba faili ni kubwa mno, hata kama ghala lake linarudisha mwangwi kwa utupu. Ndiyo maana video za harusi zenu nawakatia sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Nanyi kila siku mnakuja kunifokea kwamba nafasi ipo. Ipo, nani kakataa? Fokeni, mkichoka mtanyamaza. Aliyekukataa mlangoni amekuachia mzigo wako mikononi, mzima.