Kwa Nini Mbwembwe Huwasindikiza Wageni

Enzi hizo, ndugu zangu, mimea haikujua kusafirisha watoto. Kila mmea ulizaa ukadondosha mbegu zake papo hapo miguuni, na mlima mmoja ukawa na mboga ambazo watu wa mlima wa pili hawakuzijua hata kwa jina.

Katika milima ya Upare, pembeni mwa shamba la mahindi, aliishi Mama Mbwembwe, ile mboga ya majani yenye uchungu kidogo. Alipochanua, nyuki alikuja kwa madaha kama mshenga, akabeba unga wa manjano wa ua hili na kuupeleka kwa ua lile, na haukupita muda watoto wakazaliwa. Walikuwa wengi kupita kiasi, weusi, wembamba kama sindano.

Raha iliishia hapo. Watoto walidondoka wakarundikana chini yake, wakagombania udongo ule ule, na jua mama mwenyewe kalizuia. Kila masika waliota, na kila masika karibu wote walinyauka kivulini mwake huku akiwaona. Ilimuuma sana. Akamwomba Upepo awachukue, Upepo akasema hawana mabawa. Akamwomba ndege shorwe, naye akaonja mmoja akatema.

"Mama, hawa hata utamu hawana!"

Siku moja Nakiete, binti wa shamba lile aliyeolewa ng'ambo ya mlima, alikuja kumsalimu mama yake. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa inakataa kila chakula isipokuwa mbwembwe, ambayo huko alikoolewa haikuwapo. Basi siku hiyo alikula mpaka akalamba vidole. Alipoaga, mama yake akawageukia wadogo zake.

"Inukeni, bwana! Mtamwacha dada yenu aende peke yake kama hana kwao? Msindikizeni mpaka mwenyewe aseme rudini."

Mama Mbwembwe alisikia, akacheka hadi majani yakatikisika. Kumbe dawa ilikuwa mlangoni siku zote! Upesi upesi akawachongea wanawe vimeno vya kushikilia.

"Mmesikia, wanangu? Mshikeni dada. Msimwachie mpaka aseme rudini."

Nakiete alipopita kwenye kijia, kaniki yake ikamgusa Mama Mbwembwe, na watoto wakaudaka upindo.

Walipofika kijitoni Nakiete alisema, "Rudini sasa, giza lisiwakute." Wadogo zake wakarudi. Watoto wa Mbwembwe nao walisikia vizuri sana, lakini warudi kwa miguu gani? Mama yao, kwa furaha ile, alisahau kabisa kwamba hawana. Wakang'ang'ania hivyo hivyo, wakapanda mlima na kushuka upande wa pili.

Nakiete alipoketi kizingitini kwake, akaona kaniki imejaa vitu vyembamba kama sindano.

"Jamani, na nyie ni wa nani?"

Akacheka peke yake, akawabandua mmoja mmoja na kuwatupa uani. "Haya, rudini kwenu!" Hawakurudi. Mvua ikanyesha, wakaota kweupe, bila mtu wa kuwazibia jua.

Asubuhi moja akatoka kufagia, akaliona jani analolijua. Akalichuma, akalitafuna. Lilikuwa na uchungu ule ule wa nyumbani. Akapiga kigelegele hadi mama mkwe akatoka mbio akidhani mjukuu kazaliwa.

"Mboga ya kwetu, mama! Imenifuata!"

Na tangu siku hiyo mbwembwe imeenea milima na mabonde. Watu wameipa jina la pili, kishona nguo, na wengine huinung'unikia. Wewe ukitoka kutembelea watu ukaikuta kwenye upindo, usinune. Kaa kizingitini, ibandue taratibu, itupe uani. Umesindikizwa na mama wa watu, na watoto wake wamefika.