Waliopiga Hodi Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya watu walioshinda njaa. Na ninyi watu wazima mlioegemea ukuta, mbona midomo imefungwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Kaeni vizuri. Ya leo haina kicheko kingi.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima. Juu ya kilima palikuwa na uwanda, na uwandani palikuwa na udongo mweupe wenye chumvi. Wanyama wote waliulamba. Nyati alipanda, akalamba, akashuka. Pundamilia alipanda, akalamba, akashuka. Na zaidi ya wote walipanda mama waliozaa. Maana mama asipolamba udongo ule, maziwa yalikauka. Na maziwa yakikauka, mtoto huwaje?

Hufa.

Ndiyo. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Akaja Muhanga, yule mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia. Akaenda kwenye baraza la wanyama, akasema, "Nipeni kilima nichimbe nyumba. Wasio na makazi wapate makazi."

Baraza likamjibu, "Chimba. Chimba huku, chimba kule. Lakini uwanda wa juu ni wa wote, na njia ya kupandia ni ya wote."

"Nimesikia," akasema Muhanga.

Akachimba. Paru, paru, paru. Nyumba nzuri, baridi mchana, kavu wakati wa mvua. Akahamia Bi Ngiri. Akahamia Nguchiro na ukoo wake mzima, shangazi na binamu. Mashimo yakajaa. Muhanga akili yake yote iko kwenye kucha, mambo ya wakazi hayawezi. Akamwita Nungunungu, akamwambia, "Wewe utakuwa msimamizi. Nitunzie kilima."

Nungunungu akatunza. Nisimsingizie, alikuwa mchapakazi. Asubuhi fagia, jioni fagia. Kila alikopita miiba yake ililia cha-cha-cha, na wakazi wakasema, msimamizi huyo kaamka.

Lakini nyati akipita huacha kwato. Pundamilia akipita huacha vumbi, na vitu vingine sitavitaja kwa sababu kuna watu hawajala. Wakazi wakanung'unika. Nungunungu akakata matawi ya miiba, akazungushia kilima ua. Njiani akaweka mlango.

Wanyama wakaja, wakaukuta. Wakasimama.

"Sijamfungia mtu," akasema Nungunungu. "Mlango huu hapa. Pigeni hodi tu, niwafungulie. Ni utaratibu."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo walipokosea. Hodi mnaijua. Ukifika kwa mwenzako unapiga hodi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka, maana wenyewe hawapo, au wapo na hawataki mtu. Ndivyo tulivyolelewa. Na wanyama wale walilelewa vizuri. Hakuna aliyeuliza, tangu lini uwandani tukabisha? Wakaona ni neno dogo tu, na adabu haimuui mtu. Wakapiga hodi.

Mwaka wa kwanza walisema, "Hodi." Nungunungu akajibu, "Karibuni," akafungua.

Mwaka wa pili walisema, "Hodi. Hodi." Akajibu, "Subirini kwanza, nimefagia sasa hivi." Wakasubiri juani.

Mwaka wa tatu walisema, "Hodi. Hodi. Hodi."

Kimya.

Wakatazamana. Nyati akasema, "Wenyewe hawapo." Wenyewe! Hata nyati, mwili wote ule, akasema wenyewe. Wakarudi.

Na Nungunungu alikuwapo. Alikuwa amewaambia wakazi, "Hodi ya mlangoni ni kazi yangu. Mkazi asijibu." Nao hawakujibu. Njia nje ya mlango ikaota majani.

Mwaka ule ule kiangazi kilikuwa kikali. Akazaa Bi Kuro, mnyama wa pembezoni mwa mto, mpole, mwenye manyoya mazito. Akazaa ndama mmoja, jike, masikio makubwa kuliko kichwa. Ndama akanyonya siku mbili. Siku ya tatu akavuta ziwa, likatoka tone. Akavuta tena, halikutoka kitu.

Bi Kuro akamwambia, "Twende, mama. Chumvi haiko mbali."

Wakapanda. Kwato za mama, ko, ko. Za mtoto, ti, ti, ti. Wakafika mlangoni. Bi Kuro akaimba:

*Hodi hodi mliomo,*
*chumvi imo ndani humo,*
*mwanangu yu nje.*

Kimya.

Ndani, hatua chache kutoka mlangoni, Bi Ngiri alikuwa amelala ubavu, watoto wake wanne wananyonya. Akasikia. Akainua kichwa. Akakumbuka, mkazi asijibu. Akakilaza kichwa. Bi Kuro akapiga mara tatu, akarudi.

Siku ya pili wakapanda tena. Za mama, ko, ko. Za mtoto, ti... ti. Imbeni nami, polepole:

*Hodi hodi mliomo,*
*chumvi imo ndani humo,*
*mwanangu yu nje.*

Kimya. Bi Ngiri akasikia, akaziba sikio kwa mguu. Bi Kuro akarudi.

Siku ya tatu zilisikika kwato za mama peke yake. Mtoto alikuwa amelala chini ya kichaka, hawezi kusimama. Mama akapiga hodi. Moja. Mbili. Tatu. Hakujibiwa. Aliporudi kichakani, ndama alikuwa ameshakufa. Inzi walikuwa wamefika kabla yake.

Msiniangalie hivyo. Nami inaniuma kila nikiisimulia.

Bi Kuro alisimama juu ya mwanawe mpaka jua likahama upande. Kisha akapanda kilima. Ko, ko, ko. Akafika mlangoni. Hakuimba. Hakupiga hodi. Akainamisha kichwa, akausukuma mlango kwa kifua, miiba ikamchana mabegani, akaingia.

Cha-cha-cha-cha! Nungunungu huyo, miiba yote imesimama.

"Hukupiga hodi," akasema.

"Nimepiga hodi siku tatu," akasema Bi Kuro. "Nilikosea. Hapa ni kwetu. Kwetu nimpigie hodi nani?"

"Kuna utaratibu, mama. Mimi natunza tu. Tazama majani yalivyopendeza."

"Nimeyaona. Umetunza majani. Mwanangu amekufa."

Miiba ya Nungunungu ikalala, mmoja mmoja.

Bi Ngiri akatoka shimoni, watoto wake wanne nyuma yake. Hakuweza kumtazama Bi Kuro usoni. Akasema, "Nilikusikia, dada. Siku zote tatu nilikusikia." Akaanza kuung'oa ua kwa pembe zake. Muhanga naye akatoka, udongo puani, akauliza kuna nini. Alipoambiwa, akakaa chini. "Niliambiwa uwanda ni wa wote," akasema. "Nikasema nimesikia, kisha nikarudi kuchimba." Akainuka, akamsaidia Bi Ngiri. Mpaka jioni ua wote ulikuwa chini.

Wanyama wakarudi uwandani. Mama wakalamba, maziwa yakashuka, watoto wa mwaka ule wakapona. Watoto wa mama wengine.

Na Bi Kuro? Kila asubuhi alipanda. Hakuwa na ziwa la kujaza, wala mdomo wa kulisha. Alipanda, akasimama uwandani, akashuka. Siku moja Bi Ngiri akamuuliza, "Dada, sasa unafuata nini?"

"Napita," akasema Bi Kuro. "Tulipoacha kupita, ndipo tulipogeuka wageni."

Wanangu, nanyi wakubwa wa ukutani, mafunzo ni haya. Kilicho cha wote usikiombee ruhusa, hata ukiombwa kwa upole. Na wewe uliye ndani ukisikia hodi, itika, hata kama umeambiwa si kazi yako.

Hapo ndipo nilipoikuta hadithi yangu, na hapo naiacha. Atakayepita aichukue.